Shamba Wamemwachia Nani?

Morogoro, Jumatatu, Julai 1952

Baridi. Mlima haujaonekana tangu asubuhi na vidole vyangu havitaki kushika sindano. Kutwa nzima nimeshona kaptula moja tu, nayo nimeikosea kiuno.

Mchana nilikuwa na hasira. Sasa zimepungua. Naandika ili nione kama mambo haya yatakaa vizuri kwenye karatasi, maana kichwani yamegoma.

Jana alasiri tulikwenda sinema. Mimi, mke wangu Tekla, na mpwa wangu Veronika, binti pekee wa dada yangu wa Mgeta, ambaye yuko kwetu tangu masika anajifunza cherehani. Kaspari alitukuta mlangoni, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Huyu Kaspari ni karani wa mizigo pale stesheni, Mluguru mwenzetu wa upande wa Matombo, naye anataka kumwoa Vero. Mshenga wake anakuja keshokutwa kuchukua jibu. Jibu ni langu, kwa sababu mimi ndiye mjomba. Kwetu baba wa binti huheshimiwa na kupewa kiti kizuri, lakini neno lenyewe hutoka kwa mjomba.

Nilikuwa simjui kijana, kwa hiyo nilimwalika tukatazame sinema.

Watu wa baraza ninaposhonea wananicheka kwa tabia hii, na wacheke. Mtu ukimkaribisha chai nyumbani, utaona adabu aliyofundishwa na mama yake. Mweke mbele ya sinema ya bastola, utamwona mwenyewe. Wapo wanaoshangilia mtu akipigwa akiwa ameshaanguka. Wapo wanaocheka farasi akivunjika mguu. Niliwahi kukataa kushirikiana na mtu katika biashara ya vitambaa kwa sababu alimpigia makofi jambazi aliyemkimbia mwenzake kwenye moto. Baadaye aliwakimbia wenzake kweli. Tangu hapo siamini barua ya sifa kuliko benchi la sinema.

Basi jana sikutazama sinema sana. Nilimtazama Kaspari.

Sinema yenyewe ilikuwa hivi. Binti mmoja anakaa peke yake kwenye shamba lenye kisima. Majambazi, mkubwa wao ana masharubu kama mkia wa mbuzi, wanalitaka shamba. Wanachoma ghala, wanamfukuza mfanyakazi wake. Anatokea stelingi, yaani shujaa wa sinema, na farasi wake, hajulikani katoka wapi, anapigana nao juu ya paa, kwenye daraja, ndani ya duka la pombe, anawamaliza wote. Kisha anampandisha binti kwenye farasi, wanaondoka. Taa zikawaka.

Maneno yote yalikuwa ya Kizungu. Mkalimani wetu ni Ramadhani, fundi baiskeli, ambaye hukaa benchi la mbele na kutafsiri kwa sauti kubwa. Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu, lakini hajawahi kukwama. Mtu akifungua mdomo kwenye kitambaa cha sinema, Ramadhani ameshamsemea. Hakuna anayelalamika. Mwenye kujua Kiingereza zaidi na asimame atafsiri yeye.

Kaspari alitazama kwa utulivu. Daraja lilipokatika alishtuka kama watu wengine. Jambazi mdogo alipoomba asiuawe, Kaspari alisema taratibu, "Mwacheni huyo." Nikaliweka moyoni. Farasi alipoanguka hakucheka. Nikaliweka na hilo.

Kelele ilianza nje.

Ramadhani alisema sinema ni nzuri ila bastola ya stelingi haina mwisho wa risasi, na angependa kujua inajazwa lini. Mwingine akasema watu wale hawali. Tangu mwanzo mpaka mwisho hakuna aliyeonja hata muhogo, halafu wanapigana vile! Mrisho, Mnyamwezi mshona viatu, ambaye ni jirani yangu barazani na mtani wangu, alimsikitikia farasi tu. "Kapanda milima, karuka moto, na mwisho kabebeshwa watu wawili. Maji hakupewa. Kisima si kile pale?"

Ndipo mama mmoja muuza kabichi, mtu wa kwetu Mgeta, akauliza swali lililotugawanya mpaka tukafika sokoni.

"Sasa shamba wamemwachia nani?"

Watu wakamgeukia.

"Ndiyo nauliza," akasema. "Watu wameuana tangu mwanzo kwa ajili ya shamba la yule mtoto. Wamekwisha kufa wote, shamba limepona, yeye anapanda farasi anakwenda zake! Hata mlango hakurudisha. Yule mwanamume naye, kwao wapi? Anampeleka wapi? Mama yake yule binti akifufuka atasema nini?"

Wanaume wa mjini walicheka. Wakasema mke hufuata mume, ndiyo desturi. Sisi wa mlimani hatukucheka. Mwanamume mwenye akili angefunga farasi wake pale, akashika jembe. Ardhi ni ya upande wa mama. Mume ndiye hukaribishwa.

Mrisho hakuweza kuiacha nafasi kama hiyo ipite. "Nyinyi Waluguru hamuoi wanawake," akasema. "Mnaoa mteremko! Bwana harusi wenu anapewa jembe kabla ya mkeka." Nikamjibu kwamba Wanyamwezi hawana la kusema juu ya shamba, maana babu zao walipita hapa na mizigo ya watu vichwani na hadi leo hawajajua njia ya kurudi. Tukacheka. Ndio utani.

Nikamgeukia Kaspari. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Wewe mwenzetu unaonaje?"

Akatazama viatu vyake kidogo. "Mimi naona stelingi alikosea, mjomba. Ushujaa ni kubaki. Angebaki alime."

Yesu na Maria, nilifurahi! Nilijizuia nisimshike mkono palepale. Usiku nilimwambia Tekla kwamba jibu limekwisha patikana. Tekla alisema, "Mbona unaharakisha?" Nikalala.

Lazima nieleze kwa nini nilifurahi vile, nisije nikajisoma baadaye nikajiona mjinga.

Dada yangu Modesta ana watoto watatu, na Vero tu ndiye wa kike. Wale kaka zake wameoa, wanalima kwa wake zao, na watoto wao ni wa ukoo wa mama zao. Watoto wangu mimi ni wa ukoo wa Tekla, nawapenda, nawasomesha, lakini mteremko wetu wa Mgeta hawawezi kuurithi. Bibi yetu alilima pale, mama yetu alilima pale, sasa analima Modesta, viazi na kabichi na njegere, mgongo umepinda. Baada yake ni Vero. Baada ya Vero ni mabinti wa Vero. Vero akiondoka, shamba litakwenda kwa wajukuu wa mdogo wake bibi, watu wema, ndugu zetu, lakini ni tumbo jingine. Tumbo letu litakuwa limekwisha pale. Kulilinda hilo ndiyo kazi ya mjomba.

Leo mchana Vero aliniletea chakula barazani. Nilikuwa na furaha zangu. Nikamwambia nimeshaamua, mshenga akija nitasema ndiyo, kwa sababu nimemwona kijana ni mtu wa kubaki, atapanda naye Mgeta, na stesheni akiiacha siku moja shamba lipo.

Hakutabasamu. Alikaa kwenye kibao cha wateja. Mrisho akainama juu ya kiatu chake kwa bidii ambayo sijawahi kuiona.

"Mjomba," Vero akasema, "Kaspari habaki. Amehamishiwa Tabora. Mwezi ujao anakwenda."

Nikamwambia haiwezekani, jana alisema kwa mdomo wake.

"Yale maneno nilimpa mimi."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto. Kila mtu hapa mjini anajua jinsi ninavyowapima watu. Alipojua nimemwalika Kaspari sinema, akajua ni mtihani. Hakujua sinema itakuwa ya nini, ila alijua nitauliza nini, maana huwa nauliza hivyohivyo kila mara: nani alikosea? Akamwambia, mjomba akiuliza, wewe utakuwa upande wa kubaki. Kaspari alikataa. Alitaka aje aniambie habari ya Tabora waziwazi. Vero mwenyewe ndiye aliyemzuia.

"Na 'mwacheni huyo', ulimpa wewe pia?" nikauliza.

"Hapana. Hilo ni lake."

Nilikasirika. Sitaficha, nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Nilimwambia amenifanya kikaragosi mbele ya mji mzima. Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika. Mrisho, ambaye kwa utani ana ruhusa ya kunitukana siku yoyote, leo alinikimbia. Alichukua kiatu chake akaenda kukishonea upande wa pili wa barabara.

Vero alisubiri nimalize. Hilo amelirithi kwa mama yake.

"Kwa nini basi unaniambia leo?" nikamuuliza. "Ungenyamaza ungepata jibu lako."

"Sikutaka useme ndiyo kwa mtu ambaye hayupo," akasema. "Nilifikiri naweza. Jana usiku nikaona siwezi."

Nikauliza swali la kijinga. Nikamuuliza yeye aliionaje ile sinema.

Akageuka kwenye kibao akanielekea.

"Mlibishana mpaka sokoni," akasema. "Risasi, farasi, shamba. Hakuna hata mmoja aliyesema uso wa yule binti ulikuwaje pale mwisho."

Nikajaribu kukumbuka. Sikukumbuka, maana nilikuwa namtazama Kaspari.

"Alikuwa anacheka, mjomba. Ni mara ya kwanza anacheka sinema nzima. Muulize mama Tekla."

Kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema. "Lile shamba nalipenda. Nimelilima tangu sijang'oa meno ya utoto. Najua kila jiwe. Lakini kila nikisimama pale na jembe naona treni inapita kule chini, ndogo, na mimi sijawahi hata kuipanda. Kaspari hakunishawishi. Nilimpenda kwa sababu anakwenda."

Akakusanya vyombo. Akasema, "Shikamoo mjomba," ingawa alikwisha kunisalimia asubuhi, akaondoka.

Nimemuuliza Tekla. Ni kweli, yule binti alikuwa anacheka. Tekla alishangaa kwamba sikuona. Anasema wanawake wote wa nyuma waliona, hata yule wa kabichi, ila yule wa kabichi ndiyo kwanza alizidi kukasirika.

Nimekaa na jambo hili tangu jioni. Najua ninachoweza kufanya. Naweza kusema hapana, na sitahitaji kutoa sababu. Mshenga atarudi na zawadi zake, Kaspari atakwenda Tabora peke yake, Vero atapanda Mgeta mwaka huu au mwakani na kuolewa na kijana wa mlimani. Mabinti watazaliwa. Tumbo letu litabaki pale. Mzee yeyote wa ukoo atanisifu.

Na Vero atatii. Si mtoto wa kutoroka. Nikisema hapana, atasema ndiyo mjomba, atashika jembe, hatanilaumu hata siku moja. Hilo ndilo linalonitisha. Angekuwa mtu wa kutoroka ningekataa kwa moyo mweupe.

Nimejaribu kumchukia Kaspari, ingekuwa rahisi. Nimeshindwa. Kijana alitaka kusema kweli akanyamazishwa na anayempenda. Mimi mwenyewe nimenyamazishwa na Tekla mara ngapi?

Nimeamua. Mshenga akija atapata ndiyo. Naandika haraka kabla sijabadilika.

Lakini haifai Modesta aisikie habari hii kwa mshenga, wala kwa wauza kabichi. Kesho alfajiri napanda lori la mboga linalorudi Mgeta tupu, halafu miguu. Atafurahi kuniona, ataweka maji motoni. Ataniuliza kijana ni mtu wa namna gani, nitasema ni mwema, na hapo nitakuwa nasema kweli. Halafu atauliza watajenga upande upi wa shamba, wa juu au wa mtoni. Najua atauliza, kwa sababu ameshafyeka pande zote mbili.

Hapo sitakuwa na pa kujificha. Sitamtaja stelingi wala reli. Nitamwambia: dada, binti yetu hajachukuliwa na mtu. Anakwenda mwenyewe, na aliyesema aende ni mimi.