Sindano Iliyomlaza Mugi

Wakayama, 8 Februari

Mdogo wangu Sota,

Theluji imeyeyuka na Mama hajambo. Leo, siku ya kuzishukuru sindano zilizochakaa, nilimkuta kwenye kliniki yetu ya wanyama akifungua pipa la taka hatari, azichomeke sindano kwenye tofu, ile jibini laini ya soya, kama afanyavyo zake za kushonea.

"Mama! Utajichoma! Watatufungia!"

"Acha kelele. Nazo zipumzike palipo laini. Humo imo iliyomlaza Mugi."

Ndiyo, Sota. Mbwa wako alikufa Jumanne, bila maumivu.

Nililifunga pipa, Mama akaweka tofu juu ya kifuniko. Dereva wa taka alipofika, Mama akamuuliza, "Unazipeleka wapi?"

"Zikayeyushwe, bibi. Ziwe chuma kipya."

Kisha akavua kofia, akaliinamia pipa. "Poleni na kazi," akaziambia sindano.



Dada yako anayekukumbuka,
Chizuru