Amana ya Mwalimu Dhadho

Garissa
Jumanne, 8 Julai 2025

Abti Dubow,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakusihi kwa jina la Mola: neno lolote lililo humu lisitoke. Asilijue mke wako, asilijue ndugu yako Hamse, na usilisome kwa sauti hata ukiwa peke yako na mbuzi. Ukimaliza, karatasi iende motoni.

Assalamu alaikum warahmatullah. Mimi mzima, Hooyo dada yako naye mzima ingawa goti linamsumbua. Tunaomba barua ikukute salama, wewe na nyumba yako na mifugo.

Utauliza kwa nini mtoto wa siku hizi anaandika barua. Abti, simu yako huiweka sauti juu. Ramadhani nilikupigia kukuambia habari ya posa yangu, na kabla hujakata watu wa soko la Tarbaj walikuwa wameshanipa ushauri. Kwa hiyo nampa Abdirahim, dereva wa lori la mifugo, akuletee. Nimemwambia ni habari ya dawa ya goti. Mungu anisamehe.

Habari yenyewe ni hii: Mwalimu Dhadho anastaafu. Shule ikifungwa Ijumaa, tarehe mosi Agosti, ndiyo siku yake ya mwisho. Alikuja ofisini kwangu akaurudisha mlango taratibu.

"Fosia, karani ni nini?"

"Ni mtu wa ofisi, Mwalimu."

"Ni mtu wa kufunga mdomo. Mkuu wa shule anajua, na sasa wewe unajua kwa kuwa karatasi zinapita kwako. Sitaki keki, sitaki hotuba, sitaki mtu anishike mkono mbele ya kamera. Nitarudi kwetu mtoni, na watu watasikia nikiwa nimeshapanda mahindi. Sema wallahi."

Nikasema wallahi. Sasa nimeivunja, na itabidi nifunge siku tatu za kafara. Tena bado niko kwenye majaribio ya kazi; mkuu akijua nimetoa siri ya ofisi, nitaondoka kabla ya Mwalimu.

Lakini wewe ndiye uliyekuwa nahodha wa timu yake ya kwanza kufika mashindano ya taifa. Mtu aliyewafundisha vijana wa mji huu kucheza mchangani jua likiwa kali, akiwaambia nyasi za bara wataziona zulia, na kweli wakarudi na vikombe mwaka baada ya mwaka, aondoke kimya kama mchuuzi wa miswaki? Niambie nifanye nini. Au niambie ninyamaze, nitafurahi zaidi.

Mpwa wako,
Fosia


Tarbaj
Jumatatu, 14 Julai 2025

Fosia abti, mpwa wangu,

Wa alaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sisi wazima, alhamdulillahi. Jua la hagaa, kiangazi chetu, limetukausha midomo lakini visima bado vina maji. Mpe mama yako pole ya goti, umwambie dada yangu aache kupanda ngazi za watu kwenda kusikiliza umbea.

Barua nimeichoma. Hamse anajua, kwa sababu macho yangu yalishindwa na mwandiko wako wa chuo kikuu ikabidi anisomee. Usiogope, Hamse ni kaburi. Kaburi lenye mke, lakini kaburi.

Sasa nisikilize vizuri. Mwalimu hawezi kuondoka hivyo, wala jambo si keki. Ana ngamia wake kwetu.

Mwaka ule tulipotoka mashindano ya taifa, babu yako, Mungu amrehemu, alikuja mpaka Garissa na mtamba wa ngamia akampa Mwalimu mbele ya timu nzima. Mwalimu akashika moyo wake, akasema, "Ahsante mzee, nichungieni tu." Basi tukachunga. Tulimpiga yule mtamba alama ya duara, mfano wa mpira, kando ya alama ya ukoo wetu, tukamwita Penalti kwa sababu mimi ndiye niliyefunga ile ya mwisho. Penalti akazaa, na binti zake wakazaa. Leo ngamia wenye duara wanatosha timu na wachezaji wa akiba.

Ukame ule mbaya tuliuza wetu. Wake hatukuuza. Babu yako alipokuwa anakata roho alisema tusisahau ngamia wa Mwalimu. Na Mwalimu hajauliza hata mara moja, ndiyo maana tunamheshimu. Mwenye kuuliza ngamia wake kila mara ni mtu asiyekuamini, na sisi kutaja idadi ya mifugo ya mtu bila yeye kuuliza ni kuiitia jicho baya. Tukasema, huyu mtu wa mto ana adabu kuliko wachungaji.

Akiondoka bila kukabidhiwa, Fosia, sisi ni wezi wa amana. Mpeleleze polepole. Anataka tuwapeleke wapi?

Abti wako,
Dubow


Garissa
Jumatano, 16 Julai 2025

Abti,

Salamu nyingi. Sote wazima, ila mimi silali vizuri. Umemwambia Hamse! Na mke wa Hamse ana dada hapa Garissa!

Nimempeleleza kama ulivyoagiza. Nilimpelekea chai uwanjani, nikamuuliza kama mzaha, "Mwalimu, hivi wewe umewahi kuwa na ngamia?"

Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mimi? Tulipokuwa wadogo ngamia aliingia shambani akala mahindi yote ya mama yangu. Tangu siku hiyo mimi na ngamia hatusalimiani." Kisha akasema, "Babu yako alitaka kunipa mmoja, unajua? Masikini mzee. Nilimkatalia kwa adabu, nikamwambia akae naye."

Abti, hajui. Yeye alidhani "nichungieni" ni kukataa kwa heshima, kama mtu anayekaribishwa chakula akasema ameshiba. Alipoona hamsemi kitu, akadhani mmemwelewa.

Nilitaka kumwambia palepale. Mdomo ulifunguka, nikajisikia nikimuuliza kama anataka sukari zaidi. Nifanye nini?

Mpwa wako,
Fosia


Tarbaj
Jumatatu, 21 Julai 2025

Fosia abti,

Wa alaikum salaam. Wazima sote. Barua yako nimeisoma mwenyewe safari hii, kisha nikamsimulia Hamse.

Hamse anasema, kama alikataa, basi ngamia ni wetu, na jambo limekwisha. Nimemwambia: nenda kafute duara kwenye shingo ya Penalti, ukiweza rudi tuzungumze. Baba yetu alikufa akijua zawadi yake imepokelewa. Siwezi kumkosoa kaburini.

Jumatano ya wiki ijayo, tarehe thelathini, Abdirahim akileta mifugo ya soko ataleta pia Penalti na binti yake anayenyonyesha, ili Mwalimu aone kwa macho. Mimi siwezi kuja. Siku hiyo ndiyo zamu yetu ya kunywesha, na mwenye kukosa zamu ya kisima wakati wa hagaa amekosa mifugo. Kwa hiyo maneno utayasema wewe. Useme mbele ya watu. Amana hairudishwi kichochoroni, inataka mashahidi.

Najua unaogopa. Ulikuwa ukiogopa hata kuku wa bibi yako. Ogopa, halafu sema.

Abti wako,
Dubow


Garissa
Jumatano, 23 Julai 2025

Abti,

Salamu. Naandika haraka, Abdirahim ameshawasha lori.

Mwalimu amebadilisha siku. Dada wa mke wa Hamse alimsalimia sokoni akamwambia, "Kumbe unatuacha!" Ameingiwa na wasiwasi kwamba wanamwandalia sherehe. Sasa anaondoka Jumatano hiyohiyo ya tarehe thelathini, kwa gari la Balambala, la kwao mtoni, linalotoka mara baada ya sala ya alfajiri. Lori lako halifiki kabla jua halijapanda. Nakuomba umhimize Abdirahim atoke mapema, alale njiani, afanye lolote.

Hajaniuliza kama ni mimi niliyesema. Ananitazama tu.

Mpwa wako,
Fosia


Garissa
Alhamisi, 31 Julai 2025

Abti wangu,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi mzima kweli safari hii, na Hooyo ametembea mpaka shuleni kwa goti lake mwenyewe kwenda kuona. Natumaini zamu ya kisima ilikwenda vizuri.

Jumanne jioni nilijua lori halitawahi. Nikamwita Aweys, nahodha wa sasa. Nikamwambia, "Kesho alfajiri ipeleke timu kwenye kile kiwanja kidogo karibu na lango, pale anapopita mtu anayeenda stendi. Mcheze."

"Mazoezi ya nini, madam? Msimu umeisha."

"Mcheze vibaya. Vibaya kadiri ya uwezo wenu."

Abti, hujaona aibu kama ile. Beki alikuwa anakimbia na mikono mfukoni. Golikipa aliupa mpira mgongo. Mwalimu alitokea na mkoba wake begani, kofia imeshushwa machoni, akapita. Akafika langoni. Nilikuwa nimesimama nyuma ya tangi la maji, nikaona amesimama pale, gari la Balambala linapiga honi stendi.

Aweys akapiga kona ikatoka nje upande wa pili.

"Nani aliyekufundisha hiyo?" Mwalimu akapiga kelele. "Nani? Niambie jina lake nikamshtaki!" Akaweka mkoba chini. Hadi gari linaondoka alikuwa ameshawapanga mistari miwili, anamshika beki mikono kuitoa mfukoni.

Lori lilifika wakiwa bado wanakimbia. Abdirahim aliwashusha ngamia kando ya lango, na kwa kuwa ni siku ya soko watu walifuata kutazama: wachuuzi, wazee, walimu, na mkuu wa shule akatoka ofisini kuuliza nani ameruhusu mifugo. Nilitembea mpaka mbele ya Mwalimu, nikasema ulivyoniagiza: kwamba huyu ni Penalti, aliyepewa na babu yangu, na huyu ni binti yake, na wengine wako Tarbaj na alama yake; kwamba alisema tuchunge, tumechunga; na leo watoto wa yule mzee wanaomba waambiwe kama wamechunga vizuri.

Alisema, "Lakini nilikataa."

Mzee Jelle, mlinzi wetu, akajibu badala yangu: "Kwetu hapo ulikubali, Mwalimu. Na hata ukikataa sasa, umechelewa. Tazama shingo."

Alitazama. Aliliona duara, akalifuata kwa kidole polepole, yeye ambaye hajawahi kumgusa ngamia. Penalti akamnusa kofia, akaivuta. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliuliza, "Ule ukame je? Nilisikia mliuza." Nikamwambia mliuza wa nani. Akakaa chini mchangani, na wavulana wakageuza nyuso ili asione kwamba wanaona.

Ile sherehe aliyoikimbia ilijitengeneza yenyewe. Kila aliyekuwa sokoni na aliyewahi kuchezea timu yake alikuja kumshika mkono, na hakuna aliyeleta keki.

Mkuu wa shule aliuliza ni nani aliyewaambia watu wa Tarbaj. Nikafungua mdomo. Mwalimu akanitangulia: "Ni mimi." Baadaye nilimfuata kumwomba radhi kwa wallahi yangu. Akasema, "Fosia, mtu akitaka siri isitoke Garissa, hamwambii mpwa wa Dubow." Kisha akanitazama vilevile alivyokuwa akinitazama wiki yote, na sasa nadhani hayakuwa macho ya hasira hata kidogo.

Uamuzi wake ni huu. Kundi libaki kwenu. Akienda nalo mtoni, anasema, majirani zake watampokea kwa mapanga. Penalti arudi na Abdirahim, hii si hewa yake. Binti yake abaki hapa, maziwa yawe ya timu, na mzee Jelle amchunge. Tangu jana Jelle anatembea kama gavana. Wakati wa mvua Mwalimu atapanda aje Tarbaj, asimame kwenye kaburi la Babu, kisha aonyeshwe ngamia wake. Ameondoka leo asubuhi, mchana mweupe, mkoba ukibebwa na watu watano.

Kule shambani kwake simu haishiki, kwa hiyo amesema habari zote za ngamia zipitie kwangu, naye atakuwa akija kila siku ya soko kuzichukua. Wakizaa, wakiugua, mkihama, unipate hivi. Shule inafungwa kesho lakini ofisi haifungwi: nipo kila asubuhi, mlango wa pili baada ya lango, na Jelle atakuonyesha. Alasiri niko nyumbani Bulla Iftin, nyuma ya msikiti, geti la bluu. Bisha kwa nguvu kwa sababu Hooyo huwasha redio. Siku za Jumatano usinitafute kote huko. Nitakuwa soko la mifugo kumsubiri Mwalimu, upande wanaposhushwa ngamia, na ukiuliza karani wa Mwalimu Dhadho, mtu yeyote atakuonyesha nilipo.

Mpwa wako,
Fosia