Mashati Matatu na Roboti la Langoni

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi wazima, ila mgongo wangu unasumbua, ndiyo kazi ya cherehani.

Yale mashati yako matatu ya jeshi uliyoniachia likizo nimeyamaliza, nimeyatuma leo pamoja na barua hii. Kola nimezigeuza. Kile kitambaa kinachong'aa begani nimekifumua kwenye yote. Aliyekishona hajui hata kushika sindano.

Mama yako

6 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vituko vya huku vimenichosha. Lango la kambi sasa linalindwa na roboti lenye bunduki. Halijui sura wala cheo, linasoma kitambaa kinachong'aa begani, basi. Juzi kamanda mwenyewe alisahau koti lake, akalala kifudifudi kwenye matope saa nzima tukimtafuta fundi wa kulizima.

Wanasema mashine zitapigana, sisi tukae tunywe chai.

Mwanao

12 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Nijibu hilo kwanza. Barua yako nimeipata leo. Usiyavae yale mashati.

Nimepiga simu kambini mara kumi na moja. Inajibu mashine: bonyeza moja, bonyeza mbili. Nimebonyeza mpaka kidole kimekufa ganzi. Watu wenyewe wako wapi? Na wewe, ulikaa nyumbani wiki mbili, ulishindwa nini kuniambia kile kitambaa ni cha nini?

Mama yako

29 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Mashati yalifika tarehe kumi. Niliona mabega matupu, nikasema nitashona kesho. Kesho ikawa wiki. Tarehe kumi na sita mpishi wetu, tuliyekuwa tukimwita Chumvi, alichukua moja bila kuuliza, kama tunavyofanya wote. Aliipenda kola. Alitaka kupiga picha pale langoni amtumie mama yake. Hakumaliza hata hatua kumi. Barua yako ilifika siku mbili baadaye.

Wachunguzi wamekuja, wameandika kwamba roboti halikukosea, kosa ni la shati. Roboti limesharudishwa langoni. Niliuliza shati linashtakiwaje, wakaniambia nisilete utani.

Sasa mama yake Chumvi ameandika, anauliza ni nani aliyempiga risasi mwanawe. Kamanda amenipa mimi barua nimjibu. Siku ya nne leo, nimeandika salamu tu. Mama, nisaidie. Nimwambie ni nani?

Mwanao