Evance Habanduki Mwitongo

Mwitongo, Butiama

Kaka Magige,

Shikamoo. Hali yako na ya wifi hapo Bunda? Sisi tunapumua, na mama anakusalimu. Usishangae kuletewa barua na Petronila wakati simu ninayo, utaona sababu.

Nimesikia unakuja Jumamosi kumchukua mwanao Evance umrudishe shule. Kaka, simtoi. Usikunje uso kwanza, soma.

Unajua tangu rafiki yake Enos azame ziwani, mtoto hali wala hasemi. Mimi, mshauri wa vijana kituoni Nyakato, nikamkalisha ofisini, nikafunga mlango, nikamuuliza kama nilivyosomea. Akatazama sakafu tu. Nilijiona mtaalamu, kumbe nimesahau kwamba mimi ni shangazi yake. Kwetu shangazi ni baba aliyevaa gauni. Nani humfungulia baba yake moyo?

Nikamleta kwa mama. Mama hakumuuliza kitu. Alimwita Evance "mume wangu", kama bibi anavyomwitaga mjukuu, akamsuta kwamba amekonda na wanawake wenzake watamcheka yeye mkewe, kisha wakakaa kupukuchua mahindi. Kesho yake Evance akamjibu kwamba hata huyo mke mwenyewe hana meno. Nilikuwa jikoni, nikalia kwa furaha. Jioni akamwambia yote.

Mama alikataa kunieleza mpaka mjukuu wake aruhusu. Jana ameruhusu nawe ujue, kwa sharti moja: usome kwenye barua, usimuulize uso kwa uso.

Likizo ile Enos alipozama, zamu ya kwenda kuvua dagaa ilikuwa ya Evance. Alichoka, akamwomba Enos aende badala yake. Tangu hapo anaona kaburi lile ni lake, na alishakwenda ziwani akitaka kumfuata.

Sasa daktari wa Musoma anamwona, na mama anatandika kitanda chake karibu naye. Pale kituoni nimemwambia mkuu wangu kwamba vijana watakaotaka waje na bibi au babu zao. Alisita. Nitamrudia mpaka akubali.

Shule itamngoja. Wewe njoo Jumamosi, umsalimie, mle ugali pamoja, usiulize neno. Machozi yakikuzidi, toka nje kama unakwenda kuangalia ng'ombe. Nitakufuata.

Wifi umweleze taratibu, na watoto uwasalimie wote.

Dada yako anayekupenda,
Gaudensia