Mtungi wa Mpagazi

Jumatatu, 3 Juni 2024
Mitungi ya maonyesho ya njia ya misafara imefika ukumbini. Vedasto, afisa wa makumbusho, katuambia sisi wafagizi tusiguse kitu, vumbi tulifute kwa uangalifu bila kugusa. Sijui tulipulize kwa pumzi.
Mmoja una kadi: "Mtungi wa maji wa msafara. Karne ya 19. Kazi ya mpagazi asiyejulikana. Ufa ulitokea safarini kutoka Ujiji."
Nikainama. Ufa huo naujua. Alama ya dole gumba chini ya mdomo naijua zaidi. Ni kazi ya mama! Aliufinyanga kwetu Isikizya mwaka 2009. Ukapasuka siku ya kipaimara changu, aliutoa motoni mapema ili tuwahi misa. Baadaye mnunuzi wa vitu chakavu akapita, akaununua.
Eti mpagazi. Tangu nizaliwe sijaona mwanaume wa kwetu akifinyanga mtungi.

Jumanne, 4 Juni 2024
Nimemwendea Vedasto. Nimesema mtungi ni wa mama yangu, Ngollo, jina lake liandikwe. Hakukasirika. Kapiga hesabu, kasema basi mama ana miaka mia na ishirini na ushee, nilete cheti cha kuzaliwa. Nikasema ana sitini na nane. Kasema basi si yeye.

Alhamisi, 6 Juni 2024
Barua ya mtendaji wa kijiji nimeleta, na mhuri: Ngollo ni mkazi, ni mfinyanzi. Vedasto kaisoma mara mbili, kafurahi. Kumbe njia ipo — mama ataandikwa mjukuu wa mpagazi. Nikauliza huyo mpagazi nani alimwona. Kasema ndiyo maana hajulikani.
Nimempigia mama. Kacheka sana. Halafu kauliza taratibu: kwani hata kudhani ni mwanamke hawakudhani? Imeniuma.

Jumamosi, 8 Juni 2024
Ufunguzi. Mama kaja na ushahidi kwenye kanga: mtungi pacha, wa wiki ile ile, dole gumba lile lile. Ndani kaniwekea maharage.
Vedasto kampa shikamoo ya heshima zote. Kisha kauona mtungi, kauchukua. Wa pili! Mpagazi yule yule! Sijafungua mdomo, keshauweka mezani na kuuzungushia kamba. Maharage kayaita akiba ya safari. Mama kadai chombo chake, kaambiwa malikale haitoki ukumbini.
Basi mama kavuka kamba, kaketi mezani, kaukumbatia mtungi wake. Wageni wanapiga picha. Mzee mmoja kauliza na huyu ni wa karne gani.
"Mimi ni Ngollo," mama kasema. "Niandikeni, nishuke."
Mgeni rasmi yuko mlangoni. Vedasto jasho linamtoka. Kachukua kadi mpya, kaandika "Kazi ya" — wino ukaisha. Anahangaika kuomba kalamu. Mlinzi hana. Mhasibu kaiacha nyumbani.
Mimi naandika haya nimekaa juu ya ndoo ya kudekia, daftari gotini. Kaniona. Anakuja, mkono mbele. "Consolatha, nipe hiyo kalamu."
Simpi. Nimemwambia alete kadi.