Kamera ya Dakika Kumi na Mbili

Kaka yangu Sospeter,

Shikamoo. Najua leo hutaniitikia, lakini salamu yangu naiacha hapa mlangoni, uichukue ukiwa tayari.

Naandika kwenye ukurasa wetu uleule tunaowekea kazi za studio, wateja wote wakiona. Kuna watakaosema mambo ya familia hayaanikwi nje. Wanasema kweli. Ila mimi nilikuvunjia heshima mbele za watu, kwa hiyo sioni kwa nini nikuombe radhi kwa kunong'ona. Isitoshe, simu yangu hupokei. Kila Jumapili unaongea na Mama, mnacheka mpaka anafuta machozi, lakini nikiomba simu niseme neno moja tu, laini inakatika. Mtandao wa huko kwako Nzega una chuki na mimi peke yangu, naona.

Kwa wasiojua kisa, bora nikisimulie mwenyewe. Ilikuwa sherehe ya kumuaga binti wa jirani yetu wa Cheyo, kwenye ukumbi wa Gongoni. Mimi nilikuwa na kamera mpya, haijamaliza hata mwezi, na kichwa kimenivimba kama mandazi. Wewe ulikuja na ile yako ya siku zote, ngozi imebanduka ubavuni, kifuniko cha betri umekifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Shangazi wa binti akaiangalia, akauliza, "Na hiyo nayo inafanya kazi?" Ningeweza kusema, ndiyo shangazi, hiyo ndiyo iliyotusomesha. Badala yake nikajibu kwa sauti, "Hiyo ni ya makumbusho, shangazi. Kaka ameileta ipunge upepo." Meza tatu zikacheka. Mshereheshaji akaona limekaa vizuri, akalirudia kwenye kipaza sauti, na ukumbi mzima ukacheka.

Wewe pia ulicheka, Kaka. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Ulicheka, ukarekodi sherehe nzima mpaka mwisho, hukukosa hata keki. Kesho yake nikakuta kamera yako juu ya meza ya studio, imefungwa kwenye khanga ya Mama, na wewe umesimama na begi. "Fanya kazi, mdogo wangu," ukaniambia. Ukaenda Nzega kwenye duka la vifaa vya ujenzi la binamu yetu, na huko ndiko unakouza misumari mpaka leo. Mtu uliyejua kumfanya bibi wa miaka themanini asahau kuwa anapigwa picha, unauza misumari.

Nimekuwa nakumbuka siku ile ya kwanza uliponichukua kazini. Ulinionya kwamba kamera yako hukata yenyewe kila baada ya dakika kumi na mbili. Haijali nani anazungumza wala amefika wapi kwenye habari yake, inakata tu, mpaka uibonyeze tena. Nikakuuliza kama haiwezi kutengenezwa. Ukaniambia haijaharibika, ndivyo walivyoiunda zamani zile, na mtu akiijua tabia yake haimpi shida. Tena kioo chake cha nyuma hakikunjuki kama hivi vya sasa. Mzee akikaa kwenye kigoda, ili umwone vizuri kiooni ni lazima upige magoti mbele yake. Miaka yote wazee walikusifu kwa adabu ya kupiga magoti, nawe ukapokea sifa bila kuwaambia kuwa nusu yake ni ya kamera.

Unakumbuka yule mzee wa Kwihara, ambaye babu yake alikuwa mpagazi? Tulimkuta asubuhi, ukamwamkia "Mwangaluka" kamera ikiwa bado begani, maana hukuwahi kuinua kamera kabla ya salamu kwisha. Alitusimulia vizuri, lakini kama mtu anayejibu maswali ya mtihani: misafara ilipita wapi, mizigo ilikuwa nini, pwani ni mwendo wa siku ngapi. Dakika kumi na mbili zikafika, kamera ikakata. Ukaiweka chini kwenye mkeka, ukanyoosha miguu.

"Imechoka?" mzee akauliza.

"Haijachoka, babu. Imetua mzigo tu. Itaendelea."

Akacheka mpaka akakohoa. Na hapo, kamera ikiwa imelala mkekani, ndipo alipofungua kifungo cha shati na kutuonyesha bega. Akasema babu yake alikuwa na sugu hapo, ngumu kama kisigino, na yeye akiwa mtoto alikuwa akibebwa juu ya sugu hiyo akidhani mabega ya wanaume wote yako hivyo. Ukamwachia amalize. Hukurukia kamera. Ulipomaliza maji yako ukamwomba, kwa upole wako ule, "Babu, hebu turudie hilo la bega." Akarudia vizuri kuliko mara ya kwanza. Kipande hicho ndicho watu wanachokiomba zaidi mpaka leo.

Mimi nilidhani ulikuwa na bahati. Nilidhani ungekuwa na kamera isiyokata ungepata mengi zaidi. Nisiisingizie hii yangu, ina uwezo wake: kanisani jioni, taa zikiwa hafifu, inaona kuliko macho yangu. Lakini nilikuwa naamini kazi nzuri ni kurekodi mfululizo bila kupumua, na aliye mbele yangu avumilie.

Kiangazi kilichopita nilipata kazi ya kuwarekodi warina asali, kule msituni kusini mwa mji. Mteja yuko Dar es Salaam. Tuliingia msituni asubuhi, lakini mzinga wa kwanza ulifunguliwa jua likiwa utosini. Mrina, mzee mmoja, amepanda, moshi unafuka, anatoa kifuniko taratibu, nami nimesimama nimejitia ujuaji. Kioo kikaniandikia kuwa kamera imepata joto kupita kiasi, kikazimika. Nikaipepea kwa kofia, nikaibandika kwenye chupa ya maji, nikaitia kivulini. Nyuki hawanisubiri, na mrina naye ananitazama kutoka juu ya mti kama anayeniuliza, tuendelee au tusiendelee?

Kamera yako nilikuwa nayo siku hiyo. Ngoja nikwambie ilikuwa wapi, kwa kuwa nimeamua kusema yote. Nilikuwa nimeitia kwenye mfuko na kuuning'iniza chini ya stendi ya kamera mpya ili upepo usiiangushe. Ndiyo, Kaka. Nilikuwa naitumia kama jiwe.

Nikaitoa. Betri ilikuwa imejaa nusu, sijui tangu lini. Mrina aliposhuka na sega mkononi nikapiga magoti kwenye majani makavu, si kwa adabu, kwa sababu ya kioo. Yule mzee akaniona niko chini, uso wake ukabadilika, akanisogelea na kuliinua sega mbele yangu kama anayemwonyesha mjukuu wake. Nilipata kila kitu: asali inavyodondoka, nyuki aliyetulia kwenye kidole chake, vumbi la jua katikati ya moshi. Kamera ilipokata, naye akatulia. Akanimegea kipande, tukala. Tulipoendelea akaanza kunieleza mambo ambayo asubuhi nzima hakuwa ameyagusa.

Mteja alinipigia simu kunisifu. "Ile ya mzee ameshika sega ndiyo kamera mpya, siyo?" Nikajibu, "Ndiyo." Mteja, kama unasoma hapa, nisamehe. Ile ni kamera ya kaka yangu, imefungwa na mpira wa tyubu, na kaka yangu ndiye aliyenifundisha kuishika.

Tangu siku hiyo haijarudi tena chini ya stendi. Fundi redio wa hapa Gongoni ameisafisha, akaniambia vitu vya zamani vina heshima moja, vikiumwa vinakubali kufunguliwa. Mpira wa tyubu nimeuacha. Nilijaribu kuubadilisha, nikaona naharibu.

Ningeweza kuishia hapo, nikakuomba msamaha, ukanisamehe au ukaninyima. Lakini kuna jambo jingine, na ndilo lililonifanya niandike usiku na mchana siku hizi mbili.

Mama amenikataza nisikwambie kwenye simu. Kuhusu kuandika hakusema chochote.

Ile sauti yake iliyokwaruza ambayo amekuwa akikwambia ni mafua, si mafua. Ni rovu. Uvimbe wa shingoni umekua kwa ndani na unabana koo. Jumanne ijayo anafanyiwa upasuaji. Daktari ametueleza bila kutuficha: anatarajia atapona, lakini sauti hawezi kutuahidi. Huenda ikarudi kama ilivyo, huenda ikarudi hafifu, huenda asiimbe tena. Mama aliposikia hivyo hakulia. Aliuliza kama ataweza kuwaita kuku. Mimi ndiye niliyelia, kwenye ngazi za hospitali, mpaka yeye akanishika mkono kunivusha barabara.

Tulipofika nyumbani akasema anataka zile nyimbo za kutwanga alizofundishwa na bibi yake zipigwe picha kabla ya Jumanne, kwa ajili ya wajukuu. Ziko tisa, zote kwa Kinyamwezi. Hakuna mwingine anayezijua kwa ukamilifu, Kaka. Mimi najua viitikio. Wewe unajua labda mbili.

Nikaweka kamera mpya kwanza. Ni kiburi changu tu hakijafa. Akaimba wimbo mmoja, akakohoa, akangoja nisimamishe. Sikusimamisha, nilikuwa nahangaika na mwanga, nikamwambia, "Endelea tu, Mama, inachukua." Akaangalia kile kitaa chekundu kisichozimika. "Hii yako haina kituo?" akauliza. Akainuka, akaenda kuangalia maharage jikoni, na siku hiyo hakurudi kukaa.

Kesho yake nikatoa yako. Alipoiona akavuta kigoda mwenyewe bila kuambiwa. Nikapiga magoti. Aliimba huo wa kwanza tena na nyingine tatu. Kila kamera ilipokata alishusha mabega, akanywa maji ya uvuguvugu, akakuzungumzia wewe: jinsi ulivyokuwa ukilala mgongoni kwake kinu kikipigwa, ukaamka alipoacha. Nilimwona koo likipata nafuu katika zile nafasi ndogo. Kamera isiyokata ingemchosha kwenye wimbo wa pili. Nilikuwa nalia nyuma ya kioo na nadhani aliona, ila aliniheshimu akatazama pembeni.

Baada ya wimbo wa nne akafunga khanga yake kiunoni.

"Zilizobaki ni za kaka yako," akasema. "Akija nitaziimba."

"Mama, zimebaki tano. Na asipofika kabla ya Jumanne?"

"Ndiyo hivyo tena."

Nikamsihi. Nikamwambia naweza kuishika kama unavyoishika wewe, nimejifunza, magoti yangu yana alama. Akaniambia, "Umejifunza, mwanangu, nimeona. Lakini ninyi wawili nimewazaa mimi, na sitaimba zote mbele ya mmoja." Mama ana nyimbo tano tu za kukuvutia nazo, na amezishikilia.

Kwa hiyo nisamehe, Kaka Sospeter. Nilicheka kitu nisichokijua, na nikawachekesha watu wengine. Si lazima urudi studio. Si lazima hata uniongeleshe. Utaingia, utamsalimia Mama, utashika kamera yako, nami nitakaa jikoni nisionekane. Nimechaji betri zote mbili. Kadi ni tupu. Binamu atauza misumari peke yake kwa siku chache, haitaoza.

Nikutakie safari njema, ingawa sijui kama utasafiri. Mama naye hajui, na hajaniuliza. Aliniuliza tu gari la asubuhi kutoka Nzega linaingia saa ngapi. Nikamwambia saa nne. Tangu hapo kila ikikaribia saa nne anavaa kitenge chake cha kwaya, anakaa barazani anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, na kila pikipiki inapopunguza mwendo karibu na lango letu, anasafisha koo.

Mdogo wako,
Neema