Mnyoo Asiye na Jina

Mama Achieng' wangu,

Jana asubuhi Omondi alikuja kutoka kuvua Dunga na mnandi, yule ndege mweusi mla samaki, aliyezama kwenye wavu wake. Bado huwaleta hadi mlango wa jikoni, ulivyomzoesha. Alimweka kwenye karai akasema, "Mzee, huyu ni wa Mama." Kisha akakumbuka, akaanza kuisifu mvua.

Nilimpasua peke yangu. Tumboni, katikati ya mabaki ya samaki, minyoo mviringo walikuwa wamejisokota kama uzi uliomshinda fundi. Nikawamwagia maji ya moto wanyooke, kutoka ile chupa ya chai yenye utepe mwekundu. Unakumbuka Pasta alivyojimiminia kutoka humo? Ulimpokonya kikombe kabla hakijafika mdomoni: "Hiyo ni ya minyoo, Pasta. Yako inachemka." Hajawahi kuomba chai kwetu tena.

Sheria ilikuwa yako. Mimi natazama kwenye hadubini, nanyamaza. Wewe unatazama, unanyamaza. Halafu tunataja jina la mnyoo kwa pamoja, na tukitofautiana, chupa anamohifadhiwa haipati karatasi ya jina. Mimi nilitazama midomo ya mnyoo, wewe mkia wa dume. "Midomo kila mmoja anayo, Baba Achieng'. Hebu geuza mkia." Hakuna aliyetufundisha haya. Tulitaka tu kujua ndege wa ziwa letu wamebeba nini, tukazeeka tukibishana juu ya mikia.

Tangu tukuzike, hakuna chupa iliyopata karatasi. Achieng' hupiga simu: "Baba, si uandike tu! Nani atakuuliza?" Mtoto huyu hajui kwamba kuulizwa ndiko ninakokosa.

Basi jana nilijaribu. Nikakaa kwenye kiti changu, nikaiona midomo, jina likaja mbio. Nikahamia kwenye kiti chako. Kimekuwa baridi kiti hicho. Nikageuza mkia, nikatazama polepole kama wewe, na mkia ukalikataa jina langu. Nilikuwa nimekosea, mke wangu, na hapakuwa na mtu wa kunicheka. Nikajicheka kwa niaba yako. Sikukufikia kwa kucheka.

Chupa nimeiweka upande wako wa rafu, bila karatasi. Sheria ni sheria. Lakini Omondi akileta mwingine, nitaanzia kwenye kiti chako.

Pumzika. Ukipata nafasi huko, nibishie kidogo.

Mume wako, anayejifunza mikia uzeeni,
Baba Achieng'